Mrejesho: nimeanza Pilates, mgongo unaendeleaje

Habari zenu wapendwa. Niliuliza kama Pilates (mazoezi ya taratibu ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo) inamfaa mtu anayekaa kitini kutwa na mgongo wa chini unamuuma. Wengi mlisema nianze na darasa la mkekani kabla ya mashine, nikawasikiliza. Asanteni sana.

Kilichonishangaza ni pumzi. Mwalimu anaisahihisha kuliko hata miguu. Zoezi la mia ndilo linalonitoa jasho: unalala chali, kichwa na mabega juu, miguu hewani, unapigapiga mikono huku ukivuta pumzi kwa hesabu 5 na kuitoa kwa 5, mpaka zitimie 100. Shingo ikichoka unaruhusiwa kulaza kichwa na kuendelea. Hilo nimelipenda mno, hakuna anayelazimishwa.

Rifoma nayo nimeijaribu, ile mashine iliyo kama kitanda, yenye kigari kinachoteleza na springi zinazokivuta. Springi nyepesi mara nyingine ndiyo ngumu zaidi, maana mwili wenyewe unabaki na kazi ya kujizuia usiyumbe.

Mgongo asubuhi bado unakaza, ila jioni nainuka kitini bila kushika meza! Aliyeuliza kuhusu viatu: sisi hatuvai, chukua soksi zenye vitone vya mpira chini.