Friza, jiko la gesi au msichana wa kupika? Nataka kuondoa vyakula vya pakiti nyumbani

mama_wa_bane
Wapendwa, naomba shauri lenu. Zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana hela, imefika na nina dola 320 mkononi. Sitaki ziyeyuke kwa vitu vidogovidogo.

Nyumbani kwangu tumezoea vyakula vya pakiti kupita kiasi. Asubuhi ni tambi za dakika tatu, au mkate na majarini. Shuleni watoto wanabeba biskuti na juisi ya unga. Jioni, mara tatu au nne kwa wiki, bukari (ugali) inaliwa na sosisi. Juzi niliamua kutotupa karatasi na vifuko vya chakula kwa siku 7, nikaviweka kwenye ndoo kisha nikavihesabu. Vilikuwa 61. Nilikaa chini kwenye kizingiti nikaviangalia kwa muda mrefu.

Sasa nachagua kati ya vitu 3: friza, jiko la gesi, au kumlipa msichana aje kupika kwa miezi kadhaa. Mume wangu anataka friza. Mimi naelekea gesi. Nani ameshajaribu?

bukari_moto
Mama, haujasema unaishi wapi, umeme inakuya saa ngapi, batoto bako na miaka ngapi. Tutakujibia namna gani? Hapa kwetu Lubumbashi (Kongo), friza ya mtaa ya Golf na friza ya mtaa ya Katuba haiko kitu moja.

fundi_baridi
Friza, bila kusitasita. Mimi ni fundi wa mafriza miaka 14. Unanunua katoni ya Thomson (samaki wa barafu), unagawa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, unapika matamba (majani ya muhogo) mengi Jumapili na kuyagandisha, wiki nzima umepumzika. Sosisi zinaliwa kwa sababu ziko tayari. Ukiwa na samaki na matamba tayari, sosisi itakutafuta yenyewe na haitakupata.

Na umeme usikutishe. Friza ya mlango wa juu, ikiwa imejaa na hujaifungua, inashika baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Jaza chupa za maji kwenye nafasi tupu.

yaya_wa_kenya
Fundi, nakuheshimu, lakini hizo saa 48 nazijua kwa machozi.

Mama, nikueleze yaliyonipata. Miaka 2 iliyopita nilinunua friza kwenye duka moja la mjini, mpya, na karatasi ya dhamana juu. Nilikuwa na wazo kama lako hasa: watoto wale chakula cha nyumbani. Tukachanga na mdogo wangu, tukanunua mguu mzima wa ng'ombe, katoni 2 za Thomson, na matamba niliyotwanga mwenyewe kutwa nzima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikapanga yote, nikaandika na tarehe kwenye mifuko. Nilijisikia mwanamke aliyepanga nyumba yake.

Ikaja mvua ya Januari. Kabine ya umeme ya mtaa wetu ikaungua usiku wa Alhamisi. Ijumaa hakuna umeme, Jumamosi hakuna. Niliwakataza watoto hata kugusa mfuniko. Jumapili tulisikia harufu. Tulipofungua, damu ya nyama ilikuwa imeshuka na kulowesha matamba yote. Jirani aliniambia nikaange nyama kwa mafuta mengi na ndimu. Nilikataa, kwa sababu nina mtoto aliyewahi kulazwa kwa kuhara na najua uchungu wake. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba na kufukia kila kitu. Umeme ulirudi Jumanne, ukarudi kwa nguvu, mota ikaungua. Dukani waliniambia dhamana haihusu umeme.

Unajua tulikula nini wiki 3 zilizofuata? Tambi za pakiti. Hela yote ilikuwa shimoni.

fundi_baridi
Pole sana, yaya. Hiyo mota ingepona kama kulikuwa na kidhibiti umeme. Siuzi friza kwa mtu bila kumwambia anunue na kidhibiti, na hela ya kidhibiti iingie kwenye hesabu toka mwanzo. Aliyekuuzia alikosa.

nesi_wa_katuba
Kabla ya vyombo, tuelewane tunaondoa nini, maana kila mtu hapa ana maana yake. Mgawanyo unaotumika sana unaitwa NOVA. Ulitolewa na Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, mwaka 2009. Hauulizi chakula kina vitamini gani, unauliza kimefanyiwa nini. Lengalenga (mchicha), mayai, maharagi, samaki, unga wa mahindi: kundi 1. Mafuta ya mawese, chumvi, sukari: kundi 2, vitu vya kupikia. Mkate wa unga, maji, hamira na chumvi, au samaki wa chumvi wa Kasenga: kundi 3. Sosisi, tambi za pakiti, biskuti, juisi ya unga: kundi 4, na hilo ndilo tunalolisema. Soma nyuma ya pakiti. Ukikuta rangi, harufu za kutengenezwa na majina ambayo hayajawahi kuingia jikoni kwa mama yako, umelipata.

Na si hofu tupu. Mwaka 2019 huko Marekani, Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 ndani ya kituo kwa wiki 4: wiki 2 chakula cha kundi 4, wiki 2 chakula kisichosindikwa. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzi za vyakula vilivyotengwa mezani zilifanywa sawa, na kila mtu alikula kadiri apendavyo. Kwenye chakula cha viwandani walikula kama kilokalori 500 zaidi kila siku na wakanenepa karibu kilo moja. Mtoto anayesema bado ana njaa baada ya tambi hakudanganyi.

Mama, jibu maswali ya bukari_moto. Na mdogo kabisa ana umri gani?

mama_wa_bane
Samahani, niliandika haraka. Tuko mtaa wa Kigoma, Kampemba, hapahapa Lubumbashi. Umeme mara nyingi unakuja saa 5 ya usiku na kuondoka saa 11 alfajiri, siku nyingine hauji. Baba yao anafanya kazi Kolwezi, anarudi mwisho wa wiki mbili. Mimi natoka nyumbani saa 12 asubuhi, nauza vitambaa sokoni, narudi giza limeingia. Mbabula, la makala (makaa), ndiyo jiko letu. Kuwasha makala saa 10 na nusu alfajiri, hasa mwezi wa 6 na baridi yake, ndiko kunakonishinda.

Watoto: 13, 9, 6, na wa mwisho ana miezi 9. Huyo ananyonya asubuhi na usiku. Mchana dada yake anampa biskuti zilizolowekwa kwenye chai ya sukari.

nesi_wa_katuba
Mama, anza na huyo wa miezi 9. Hata leo. Wengine wanaweza kungoja likelemba, yeye hawezi. Biskuti na chai vinajaza tumbo lakini havina cha kujengea damu, na majani ya chai yanazuia mwili kuchukua chuma. Muachie uji wa mahindi na soya, uliowekwa karanga zilizosagwa, kwenye chupa ya kutunza moto. Yai lililopondwa. Ndizi. Dagaa wakavu waliosagwa unga, kijiko kimoja kwenye uji. Sikulaumu, nimewaona akina mama wengi wakifanya hivyo kwa kukosa mikono ya kusaidia.

mama_wa_bane
Nimesoma nikiwa sokoni. Aksanti. Kesho naanza uji.

mwalimu_mstaafu
Mnazungumzia sosisi na hamsemi juu ya bukari yenyewe! Unga mweupe wa mifuko unaopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, umeondolewa ganda na kiini, umebaki wanga. Zamani tulikula mahindi yaliyosagwa mazima kwenye mashine ya mtaa. Mama, tafuta mahindi, peleka mashineni, uone watoto wanavyoshiba.

bukari_moto
Papa mwalimu, unga haiko kundi 4, nesi ameandika hapo juu. Tena ile unga nzima inaoza mbio juu ya mafuta ya kiini. Mama ya kazi hawezi kuenda mashine kila wiki.

mwalimu_mstaafu
Sikusema ni kundi 4, mwanangu. Nimesema mtoto hashibi. Na kijana wa miaka 13 anaweza kwenda mashineni Jumamosi, mimi nilienda nikiwa na miaka 8.

toka_likasi
Mimi nina jambo linalonikosesha usingizi. Kila mtu anasema mboga, mboga. Mboga ipi? Mwaka 2009 profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti wa mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Kobalti ilikuwa juu sana, watoto wakiwa wameathirika zaidi. Vumbi, maji na chakula vyote vinahusika. Lengalenga inayomwagiliwa maji ya mto uliopita kiwandani siwezi kuiita safi kwa sababu tu haina pakiti.

nesi_wa_katuba
Ni kweli, na ni vizuri umelisema. Lakini jibu si kurudi kwenye tambi. Muulize muuza mboga bustani yake iko wapi, epuka za upande wa Penga Penga ambako moshi wa kiwanda uliua hata majani, na osha kwa maji mengi mara 3 maana vumbi linakaa juu ya jani. Changanya na mboga za mbali na mji.

toka_likasi
Muuzaji atakuambia ukweli?

yaya_wa_kenya
Wangu ananiambia. Nimenunua kwake miaka 6, najua mpaka shamba lake. Hilo ndilo soko la Kenya, mtaa wetu hapa mjini, unajenga mtu wako.

gesi_safi
Turudi kwenye swali. Gesi, mama. Umesema mwenyewe kinachokushinda ni kuwasha mbabula alfajiri. Basi tatizo lako si kuhifadhi chakula, ni moto. Gesi unageuza kifundo, dakika 10 uji tayari, mayai tayari. Mimi tambi zilitoka nyumbani bila mtu kuzikataza. Nunua mtungi mdogo na jiko la vichwa 2, hela inabaki. Na wale wanaoingiza mbabula ndani kwa ajili ya baridi, nawaomba waache, hewa ya makala inaua watu wamelala.

bukari_moto
Na siku mtungi inakwisha katikati ya mwezi? Makala unauziwa hata ya kikopo kidogo, gesi hawakatie nusu.

gesi_safi
Ndiyo maana unaweka akiba kidogokidogo kila siku ambayo ungenunua makala. Nakubali inahitaji nidhamu. Aulize bei ya kujaza kabla hajanunua mtungi, na muuzaji awe karibu na kwake.

mke_wa_fundi_bomba
Dada, hakuna aliyesema juu ya resho, jiko dogo la umeme. Umeme wako unakuja usiku, si ndiyo? Loweka maharagi asubuhi. Usiku ukija, yachemshe kwa nguvu nusu saa nzima, hasa yale mekundu, usipunguze hapo maana yakiiva nusu yanasumbua tumbo. Kisha funga sufuria na mfuniko, ivike blanketi 2 za zamani, iingize kwenye kikapu. Asubuhi yameiva na ya moto bado. Yachemshe tena kidogo kabla ya kula. Marehemu bibi yangu alifanya hivyo Kipushi bila umeme wowote.

mama_wa_bane
Hili la blanketi sikulijua kabisa. Nitalijaribu leo.

fundi_baridi
Mimi bado nasema protini itatoka wapi bila friza. Maharagi kila siku watoto watakimbilia tena sosisi.

yaya_wa_kenya
Samaki wakavu, mayai, karanga kwenye visashi (mboga za karanga). Havidai umeme. Na sosisi zenyewe, mmesahau polony, ile sosisi nene ya Afrika Kusini? Ule ugonjwa wa listeria wa 2017 na 2018, zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wakiwa watoto wachanga, na Zambia ikazuia nyama hizo kuingia. Toka siku ile sikununua tena.

nesi_wa_katuba
Karanga angalia ukungu, yaya. Zilizokunjamana au zenye rangi ya ajabu tupa, usizisage. Ile sumu ya ukungu inaharibu ini na haiondoki kwa kupika.

mwalimu_mstaafu
Na vile vidonge vya mchuzi? Kila sufuria ya mji huu inavyo. Zaidi ya nusu yake ni chumvi.

bukari_moto
Papa, ukiondoa ile tena, bana-boys bote batakimbia nyumba.

mwalimu_mstaafu
Kitunguu kikaangwe polepole mpaka kiwe rangi ya asali, nyanya, unga wa samaki wakavu. Mke wangu amepika hivyo toka presha yangu ipande na sijatamani kidonge.

mama_wa_bane
Nimerudi baada ya siku 5. Uji: mdogo anamaliza kikombe, na dada yake wa miaka 13 ndiye anayemlisha sasa, anapenda kuona anavyofungua mdomo. Maharagi ya blanketi yalikubali mara 2, mara ya tatu umeme haukuja nikarudi kwenye tambi. Baba yao kwenye simu bado anataka friza, anasema amepata moja iliyotumika Kolwezi. Bei ya kujaza gesi nimeuliza sehemu 2, zinatofautiana sana. Hela bado iko kwenye leso. Na juisi ya unga ndiyo vita kubwa, wa miaka 6 analia kweli.

yaya_wa_kenya
Friza iliyotumika usinunue bila fundi kuisikiliza ikinguruma saa nzima.

fundi_baridi
Hapo tumekubaliana. Akiifikisha hapa nitakuja kuiangalia, sitadai hela.

mke_wa_fundi_bomba
Juisi mpe munkoyo, dada. Unapika uji mwepesi wa mahindi, ukipoa kidogo unaweka mizizi ya munkoyo iliyopondwa, yenyewe inageuza wanga kuwa utamu, hakuna kijiko cha sukari. Mpe siku hiyohiyo au kesho yake, ukiacha zaidi inachacha na kuwa kileo.

toka_likasi
Mizizi mnaipata wapi siku hizi? Huku Likasi wanaoichimba wanakwenda mbali sana, misitu imeisha kwa makala.

mke_wa_fundi_bomba
Soko la Kenya, upande wa wauza dawa za miti. Chagua iliyo mibichi, ukiikwaruza ndani iwe ya njano.

bukari_moto
Ya njano? Kwetu Katuba tunatafuta yenye haina njano. Haiko muti moja, basi.