Injini ya zamani inavuja oili: poda, taa ya UV au nibadilishe gasketi zote?

Mpiga Kiki:
Wakuu habari. Pikipiki yangu ya zamani inavuja, nikiilaza usiku asubuhi nakuta dimbwi. Nina njia tatu: nipulizie poda nione inapotokea, ninunue ile rangi ya kuchanganya kwenye oili inayong'aa ukiimulika kwa taa yake ya UV, au nishushe injini nibadilishe gasketi na sili zote, yaani vizibo vya kwenye maungio, nimalizane nayo. Seti ya gasketi nataka kuagiza wikiendi hii. Mnasemaje?

SpanaMkononi:
Pikipiki gani? Ya mwaka gani? Inavuja ikiunguruma au ikizimwa? Upande upi? Yaani umeenda kwa daktari ukasema "naumwa" basi.

Dada Torki:
Na ni oili ya injini au ya gia? Chovya kidole unuse, ya gia inanuka salfa, haijifichi.

Mpiga Kiki:
Triumph Bonneville T120 ya 1967. Nadhani kushoto ila chini kote kumelowa. Ikizimwa ndio balaa. Harufu ni ya kawaida tu.

Bwana Poda:
Poda mkuu, hizo taa ni mbwembwe. Osha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, kausha kabisa, pulizia poda ya miguu ile ya kopo, washa ipate moto halafu kaa hapo na tochi, utaona mstari mweusi unachora wenyewe. Anza kutazama juu na mbele maana oili inateremka na upepo unaisukuma nyuma. Hizo Triumph usishangae ukikuta ni kava za roka juu ya injini au sili za mabomba ya pushrodi, zile fimbo za kusukuma valvu.

SpanaMkononi:
Poda ukiendesha inapeperuka. Kama inavuja barabarani tu, rangi na UV inashinda, unazunguka nusu saa unarudi unamulika gizani.
Ila huyu kasema IKIZIMWA. Oili ya hiyo mashine inakaa kwenye tenki la pembeni, na pampu ina gololi za kuzuia isirudi. Gololi isipokaa vizuri oili inashuka taratibu inajaa chini ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, ukiwasha inatafuta pa kutokea. Zima injini ikiwa ya moto, pima kimo tenkini, pima tena baada ya siku kadhaa. Kikishuka sana kuliko hilo dimbwi basi oili imeshukia ndani ya injini, na gasketi mpya haitakusaidia kitu.

Ringi Mpya:
Na chonde usimpe fundi wa silikoni. Yangu niliipeleka kwa mmoja nikamwambia tu tone linatoka kwenye kava ya taimingi, akafungua akapaka silikoni kila mahali kama anakandika ukuta, nikarudishiwa kavu kabisa nikafurahi, baadaye juu kukaanza kugonga, kufungua nakuta vipande vya silikoni vimeziba njia ya oili, kemshafti inayofungua valvu imelika na tapeti zake zimechimbika, na lile tone lilikuwa limetokana na bomba la kupumulia la injini kuziba tu, hewa ya kwenye krenki haina pa kutokea ikawa inasukuma sili.

Dada Torki:
Pole. Silikoni si mbaya, mkono ndio mbaya. Utando mwembamba tu unatosha.

Ringi Mpya:
Mimi ni gasketi ya karatasi na grisi kidogo. Silikoni sitaki hata kuiona.

Mpiga Kiki:
Tenki limepungua kweli ila sikumbuki mara ya mwisho nilijaza lini. Kwa hiyo seti niagize nisiagize?

Bwana Poda:
Agiza, kwa injini ya umri huo utaihitaji tu. Ila gasketi ya hedi, kichwa cha injini, kama ni ya shaba usitupe, ichome iwe nyekundu, ichovye kwenye maji, inakuwa laini unarudishia.

SpanaMkononi:
Maji ya nini? Shaba hata ukiiacha ipoe yenyewe inalainika.

Bwana Poda:
Maji yanabandua ule ukoko mweusi. Umeshawahi kufanya au unasoma tu?

SpanaMkononi:
Nimefanya, na ukoko nautoa kwa msasa laini.