Floyd Patterson: bondia mpole mwenye ngumi ya kuruka, tupeane tunayoyajua

Kona Nyekundu
Wakuu, pambano la 20 Juni 1960 pale Polo Grounds, New York, watu wengi wanalitazama mpaka Ingemar Johansson anapoanguka, kisha wanazima. Msizime. Tazameni Patterson baada ya hesabu ya kumi: anapiga magoti na kukishika kichwa cha yule Mswidi, aliyezimia kabisa, mguu wa kushoto ukimtetemeka. Hapo ndiyo kwanza amekuwa mtu wa kwanza kuurudisha ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, na anamhangaikia aliyempiga. Mwenye anachokijua kuhusu ufundi wake au tabia yake akimwage hapa.

Jebu Kavu
Huwezi kuielewa 1960 bila 26 Juni 1959, Yankee Stadium, Johansson alipomnyang'anya Patterson ubingwa. Raundi mbili za kwanza Johansson alikuwa anagusagusa tu kwa kushoto, jebu (makonde mafupi yaliyonyooka) zisizo na uzito, mkono wa kulia ameuweka akiba. Patterson akauzoea mdundo huo. Raundi ya tatu kushoto ikaja kwa mzunguko mpana, glovu za Patterson zikafunguka kuifuata, kulia ikapita katikati hadi usoni. Alipoinuka hakujua yuko wapi. Alimpa mpinzani mgongo akawa anatembea zake, kana kwamba aliyeangushwa ni mwenzake, na Johansson akamfuata akamchapa kutoka ubavuni. Aliangushwa mara saba katika raundi hiyo moja, mpaka refa Ruby Goldstein akamaliza kazi kwenye dakika 2 na sekunde 3 za raundi.

Chanzo ni hiki. Mtindo aliofundishwa na kocha wake Cus D'Amato ni glovu mbili mashavuni, viwiko vimebana mbavu, kidevu chini. Unakulinda kwa sharti kwamba kichwa hakitulii. Kikitulia, zile glovu ni pazia tu. Tena miguu imekaa karibu sambamba, kwa hiyo konde lililonyooka likikupata, huna mguu wa nyuma wa kukushikilia.

Raundi Kumi
Mkuu Jebu umemaliza. Kichwa kilitulia.

Kengele
Naomba wataalamu mtusaidie, ile ngumi ya kuruka aliyommalizia Johansson inapigwaje?

Mkanda Mpana
Ndugu Kengele, kwanza chuchumaa kidogo, magoti yamekunjwa, jifanye unakwepa kuelekea kushoto ili uzito wote uingie mguu wa mbele. Kiwiko cha kushoto kibaki karibu na mbavu. Halafu jisukume kwa mguu huohuo, juu na mbele kwa pamoja, na mkono wa kushoto uzunguke pamoja na nyonga. Konde litue kabla mguu haujakanyaga vizuri, ndipo uzito wa mwili wote unapoingia ndani yake. Wengi wanakosea kwa kuruka kwanza ndipo warushe mkono. Hapo nguvu yote imeishia hewani. Kosa la pili ni kushusha glovu ya kulia wakati wa kuruka. Anza bila begi, piga hewani tu kama unapigana na kivuli chako, polepole.

Jebu Kavu
Mimi nasema asianze nayo kabisa. Ukiwa hewani huwezi kukwepa wala kurudi nyuma; mpinzani akipiga hatua moja nyuma, unatua mbele yake ukiwa wazi. Patterson aliiweza kwa sababu ya kasi ya mikono ambayo uzito wa juu ilikuwa haijaizoea. Ajifunze jebu mwaka mzima kwanza.

Mkanda Mpana
Mwaka mzima wa jebu na mtindo ule ni wa kuingia ndani? Afunge kamfuko kadogo kwenye kamba, kakae usawa wa pua, akasukume, kakirudi akwepe kwa kukunja magoti, si kiuno.

Chuma cha Chicago
Mnapamba sana. Upole ndio uliomponza. Mtu anayeinama kumsaidia mpinzani wake Chester Mieszala kuokota kinga yake ya meno katikati ya pambano atamwezaje Sonny Liston? 25 Septemba 1962, Comiskey Park, alilala raundi ya kwanza, dakika 2 na sekunde 6. Akarudiana naye Las Vegas Julai 1963, akalala tena raundi ya kwanza, dakika 2 na sekunde 10. Baada ya lile la kwanza aliondoka amevaa ndevu za bandia kwa aibu.

Kona Nyekundu
Ndugu yangu, tofautisha huruma na uoga. Liston alikuwa na kama kilo 97, Patterson 86. Urefu wa mikono, Liston sentimita 213, Patterson 180. D'Amato hakutaka pambano lile, Patterson mwenyewe ndiye aliyeona ni haki Liston apewe nafasi. Kilichomponza ulingoni ni kumng'ang'ania Liston badala ya kuyumba na kuingia chini ya jebu.

Dada wa Ulingo
Huo upole nao una mipaka jamani. Mbona kabla ya pambano la Novemba 1965 alikataa kumwita Muhammad Ali kwa jina lake, akashikilia Clay, jina lake la zamani? Ali akamwita sungura, kisha akamtesa hadi raundi ya 12, mgongo wa Patterson umeharibika.

Raundi Kumi
Hapo dada umegusa. Alikosea, na nampenda hivyohivyo.

Chuma cha Chicago
Sawa, lakini hamjasema kitu kuhusu kidevu chake, yaani uwezo wa kustahimili makonde. Hata la tatu na Johansson, Machi 1961, raundi ya kwanza aliangushwa mara mbili.

Jebu Kavu
Na akashinda raundi ya sita, mkuu. Kidevu chake hakikuwa cha chuma, hilo hakuna anayebisha. Pambano la 1956 na Archie Moore ndilo la kulitazama: miaka 21, kichwa hakitulii, akampiga raundi ya tano na kuwa bingwa wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia. Kengele, tazama hilo kabla ya kujaribu kuruka. Fuatilia magoti yake, mikono iache kwanza.