Wakuu, shule inamsaidia kijana asichotwe akili na matangazo?

Njia Panda: Wakuu, salaam. Mdogo wangu ana miaka 19, yuko chuo, darasani yuko vizuri. Lakini tangazo lolote likimpitia kwenye simu, hela inatoka. Kuna kozi ya mtandaoni inayofundisha vijana kuzitambua hila za wauzaji. Nimlipie? Silali vizuri.

Mwalimu wa Zamu: Nafundisha. Ukiwapa swali la mbinu za matangazo kwenye mtihani wanalimaliza lote: mtu maarufu, "bidhaa inaisha", sifa zilizopitiliza. Wakitoka nje wanazunguka simu ya mwenzao kumtazama mtu maarufu yuleyule akiuza krimu. Kuijua hila darasani na kuikataa ukiwa peke yako usiku, hayo ni mambo mawili.

Mama Wawili: Sisi tuliambiwa "hapana", yakaisha. Siku hizi wazazi mnaogopa kununiwa.

Kichwa Ngumu: Quebec, kule Kanada, tangu 1980 wamekataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto chini ya miaka 13. Uswidi nao wakakataza ya TV kwa walio chini ya miaka 12, mwaka 1991. Kama somo lingetosha, sheria ya nini?

Domo Zege: Mimi niliwahi viatu "vimebaki viwili tu". Mwaka umepita, bado vimebaki viwili 😂

Chunguza: Mleta mada, dogo anasomea nini?

Njia Panda: Ina umuhimu?

Chunguza: Sana.

Njia Panda: Masoko. Mwaka wa pili.

Domo Zege: Mganga hajigangi 😂😂

Njia Panda: Msicheke. Kule wanafundishwa kuuza, hawafundishwi kujikinga. Hii kozi ni tofauti. Halafu nusu ya ada nimeshatuma, maana punguzo linaisha leo, kuna saa pale inahesabu kurudi nyuma.

Chunguza: Fungua huo ukurasa kwenye simu nyingine, utuambie saa inasomaje.

Njia Panda: Imeanza upya. Labda mtandao.

Kichwa Ngumu: Hii chai. Akaunti ya leo, uzi mmoja, na kila jibu lina kozi ndani yake. Muuzaji ndiye huyu.

Njia Panda: Jina la kozi nimelitaja wapi?

Kichwa Ngumu: Unasubiri uulizwe.

Mama Wawili: Kwani inaitwaje? Nina binti wa miaka 15.