Natafuta kikundi cha kuacha pombe nikiwa Malindi, lakini naogopa kuonekana

Fundi wa Mashua
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa injini za mashua hapa Shella, Malindi, umri wangu ni miaka 41, na kwa zaidi ya miaka kumi siku zangu zimekuwa zikiishia mangweni, penye kuuzwa pombe ya mnazi. Nilianza na mnazi wa jioni pamoja na wavuvi, ambao baadhi yao walinilipa nusu kwa fedha na nusu kwa mnazi. Siku hizi naamka kabla ya adhana ya alfajiri nikitafuta kitu cha kutuliza mikono, kwani bila hicho siwezi kufunga skrubu ya kabureta pasipo kuiangusha mchangani. Ramadhani iliyopita niliacha ghafla, peke yangu, na usiku wa tatu nikaanza kuona wadudu ukutani ambao mke wangu hakuwaona. Nikarudia kunywa.

Nimesikia kwamba kuna vikundi vya walioacha pombe ambao hukutana na kusaidiana. Mtu huvipata vipi, huulizwa nini, na hulipa kiasi gani? Naambiwa pia kwamba mara nyingi hukutana katika kumbi za makanisa. Mji wetu ni mdogo. Nikionekana nikiingia huko, nitakuwa na mambo mawili ya kueleza badala ya moja.

Jirani wa Barani
Wa alaykum salaam, kaka. Hofu ya kuonekana naijua, ingawa nakukumbusha kwa heshima kwamba sote tulionekana tukitoka mangweni tukipepesuka, na wala hatukujificha.

Vikundi vinavyojulikana zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanza Marekani mwaka 1935 pale dalali wa hisa na daktari, wote wawili walevi, walipotambua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwazuia kunywa. Wenzao wa Kenya wana tovuti yenye ratiba ya mikutano, na unaweza pia kupiga 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ukaomba kuelekezwa. Uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao yeyote huweza kuhudhuria, au ni wa wanaotaka kuacha pombe pekee. Sharti la uanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Ada hakuna, kikapu hupitishwa, mwenye kitu hutia, asiye nacho humpa wa pembeni.

Kuhusu kanisa, ukumbi ni ukumbi. Kikundi hakifungamani na dini yoyote, na hatua zake kumi na mbili za kuacha ulevi humtaja Mungu kwa namna kila mmoja anavyomfahamu. Mimi huswali magharibi kwanza, kisha naenda.

Mara ya kwanza nilipanda matatu hadi Mombasa, kilomita 120 hivi, kwa kuwa huko hakuna aliyenijua. Nikakaa kando ya mlango, tayari kutoka. Zamu yangu ilipofika nikasema naomba kusikiliza tu, na hakuna aliyenishurutisha. Mzee mmoja aliyekuwa akigawa chai aliwajazia wengine vikombe, mimi akanimiminia nusu, bila neno. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ameiona mikono yangu. Nadhani ndiyo sababu nilirudi wiki iliyofuata, kuliko maneno yote yaliyosemwa siku ile. Nauli ikikushinda, ipo mikutano ya kwa simu. Inataka bando na chumba chenye mlango unaofungika.

Muuguzi wa Pwani
Kaka Fundi, kabla ya kikundi, tafadhali nenda hospitali. Wadudu uliowaona ni dalili ya hatari. Ubongo uliozoea pombe kwa miaka, ukinyimwa ghafla, unaweza kuleta kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Mweleze daktari kwa ukweli kiasi unachokunywa na yaliyokupata, na usijaribu tena kukata ghafla ukiwa peke yako. Huenda akakupa dawa za kutuliza kwa siku chache, chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1. Dawa hizo usizinunue mwenyewe dukani, kwani zikichanganyika na pombe huweza kuzuia pumzi.

Mama wa Maweni
Naongeza jambo moja, kwa sababu wanaume hulisahau. Mkeo alikesha nawe usiku ule wa wadudu. Mwambie unakokwenda, ukisafiri Mombasa kimya kimya atadhani una mwanamke. Tangu mwaka 1951 kuna vikundi vya Al-Anon kwa ajili ya jamaa za walevi, naye anaweza kuhudhuria hata kama wewe utaacha kwenda.

Fundi wa Mashua
Nawashukuru nyote. Nilikwenda hospitali na mke wangu, nikalazwa siku tano. Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu pamoja. Yeye akanisubiri kwa shangazi yake Kisauni. Niliulizwa jina moja tu, na sikusema kitu kingine. Sasa nimerudi kazini na nina swali: kesho kuna mvuvi wa kumtengenezea injini, naye tangu zamani hulipa nusu kwa mnazi. Ninyi huwajibu nini watu kama hao?

Jirani wa Barani
Mwambie siku hizi unapokea M-Pesa.