Mashine ya wakati ya kuigiza nyumbani: kibanda, programu au anga la ukutani?

SaaMbovu
Wakuu, heshima mbele. Nataka kujenga mashine ya wakati ya kuigiza. Ni ya kujifurahisha tu, msije mkaniuliza nimekunywa nini. Mtu anakaa, anachagua safari, anavuta swichi, anainuka akiwa na cha kusimulia. Nimebaki na njia tatu: kibanda cha mbao chenye taa na bodi ya Arduino (kikompyuta kidogo cha kuendesha vifaa), programu ya kompyuta inayofuata fizikia ya Einstein, au chumba chenye giza, projekta na Stellarium, programu inayorudisha anga la kale. Nina wikiendi chache, na mkono wangu wa kulehemu unatetemeka. Mliopita huko, ipi inalipa jasho?

Fundi_Waya
Kibanda, sipepesi macho. Watu wanapenda kushika kitu. Swichi nzito inayolia "ka!" inashinda picha yoyote ya kwenye skrini.

Ila usirudie kosa langu. Nilichukua mkanda wa taa 60 za WS2812B nikauchomeka moja kwa moja kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, na bodi yenyewe ilikuwa inapata umeme wa USB ya kompyuta. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili inaweza kula hadi miliampea 60. Piga hesabu: zote pamoja ampea 3.6. Kila safari ilipofika kileleni, bodi ilizimika na kuanza upya, abiria akajikuta kwenye mwaka ule ule alioondokea. Wageni walidhani ndiyo mchezo wenyewe, nami nikanyamaza. Taa zipe adapta yake, waya hasi zote ziungane.

Jingine ni chipu ya saa. DS3231 ni nzuri sana, kwa joto la kawaida haipotezi zaidi ya dakika moja hivi kwa mwaka. Lakini mwaka inauweka kwa tarakimu mbili tu. Ukitaka 1850 utaishia kubahatisha. Tarehe ya safari ihifadhi mwenyewe ndani ya programu, chipu isome saa ya leo basi.

BintiHesabu
Kaka Fundi, kwa heshima zote, hicho kibanda ni jeneza lenye taa za sherehe. Abiria anatoka na wakati ule ule alioingia nao. Kimeigizwa nini hapo?

Kwa Einstein, mwendo wa saa unategemea kasi na mvutano wa dunia. Weka saa mbili kwenye skrini, moja ya msafiri na moja ya aliyebaki. Kwa kasi ya 0.8 ya mwanga, msafiri akihesabu dakika 3, huku nje zimepita 5. Na hili si la kutunga. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za kawaida za abiria: zilizoelekea mashariki zilirudi zimechelewa nanosekunde 59 hivi, za magharibi zimetangulia 273. Saa za setilaiti za GPS nazo zingeachwa bila kurekebishwa, zingetangulia zetu kwa mikrosekunde 38 kila siku.

Sasa sikiliza pale nilipokwama mimi. Nilifunga kitufe cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio, kiwe ndicho kasi: sifuri hadi karibu na mwanga. Kikazungushwa hadi nusu, hakuna kitu! Kwa nusu ya kasi ya mwanga, sekunde 60 za ndani ni 69 tu za nje. Vitu vyote vinatokea mwishoni kabisa: kwenye 0.99 wakati wa nje unakwenda mara 7, na kwenye 0.995 tayari ni mara 10. Kidole hakiwezi kutofautisha hizo mbili. Nikageuza. Kitufe kikawa kinachagua "mara ngapi" moja kwa moja, 1 hadi 10, halafu programu inatafuta kasi yenyewe. Tangu siku hiyo hata mtoto anaielewa.

NyotaYaUsiku
Dada, saa zako zinakwenda mbele tu. Atakaye kurudi nyuma je?

Anga la ukutani halina kulehemu. Stellarium ni ya bure, unaandika mwaka na nyota zinahama. Mpeleke mgeni wako mwaka 2700 kabla ya Kristo, mwambie atafute nyota ya kaskazini: haikuwa hii ya leo, ilikuwa Thuban, kwa sababu mhimili wa dunia unayumba kama pia ya watoto na kumaliza mzunguko kwa miaka 26,000 hivi. Mtego mmoja: programu ile ina mwaka sifuri, kalenda ya historia haina. Kwa hiyo 2700 KK unaandika -2699. Na Oktoba 1582, kalenda ya Gregori ilipoanza, tarehe 4 ilifuatwa na tarehe 15. Usitafute makosa kwenye programu yako usiku kucha kama mimi.

Miwani_Mizito
Kuna aliyewaza miwani ya uhalisia pepe? Nilijaribu. Picha ikichelewa kidogo tu nyuma ya kichwa, abiria anatafuta ndoo. Nimemaliza.

SaaMbovu
Nimewasoma. Kibanda nimekiacha, swichi ya Fundi nimeibakiza. Naunda kisanduku cha mezani chenye saa mbili na kitufe cha BintiHesabu. Chipu moja ya MAX7219 inaendesha tarakimu 8, kwa hiyo nne za msafiri, nne za nje. Anga litasubiri nipate projekta.

Jaribio la kwanza jana: niliweka mara 1, saa zote mbili zikatembea pamoja, lakini zote zikachelewa nyuma ya simu yangu. Nilikuwa natumia amri ya kusubiri, delay(), ya sekunde moja kila mzunguko.

Fundi_Waya
Ndiyo hiyo. Delay inasubiri sekunde nzima, halafu muda wa kuandika tarakimu unaongezeka juu yake. Tumia millis(), inayohesabu milisekunde tangu bodi iwake, utoe usomaji wa zamani kwenye mpya. Usishtuke tu, baada ya siku 49.7 inarudi sifuri yenyewe. Ukitoa hivyo kwa namba zisizo na alama ya hasi, hesabu haiharibiki.

SaaMbovu
Kumbe ina kurudi nyuma kwake! Naiacha iwake, siku ya 50 nitawaambia.