Vyuo vya ufundi, gereji zetu si ofisi za kugonga mihuri!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, lugha ikiwa kali mnivumilie.

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Mwanza. Msimu wa fildi ukianza tu, vijana wanajazana getini na bahasha za kaki. Ndani ya bahasha ni barua ile ile, kilichobadilika ni jina: tunaomba umpokee mwanachuo wetu kwa mafunzo kwa vitendo, wiki nane, ahsante kwa ushirikiano. Basi. Amefika wapi kwenye masomo, hawasemi. Nimfundishe nini, hawasemi. Akiumia nani anamtibu, kimya, na kuhusu bima hakuna hata neno. Kilichokolezwa wino na kupigiwa mstari ni kimoja: logibuku, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, isainiwe na igongwe muhuri.

Kumbe sisi ni muhuri tu!

Juzi kaja mzazi mmoja, mtu mzima, kavaa vizuri, kaniomba tuongee pembeni. Anatoa logibuku ya mwanawe. Imejazwa kuanzia wiki ya kwanza hadi ya nane, kalamu moja, mwandiko mmoja. "Leo tumefungua injini." Ukifunua ukurasa: "Leo tumefunga injini." Kijana mwenyewe simjui hata kwa sura. Mzee ananisogezea elfu thelathini, "fundi, nisaidie, ni muhuri tu, dogo alikuwa anamuuguza bibi yake." Nikamwambia mzee wangu, pole kwa mgonjwa, lakini huyu kesho atakabidhiwa breki za daladala unayopanda wewe na huyo bibi. Kakasirika, kaniita mkorofi, kaondoka. Sina shaka muhuri kaupata palepale barabara ya pili, na labda kwa pungufu ya hiyo.

Sasa huyo atapata cheti sawasawa na binti niliyekuwa naye msimu uliopita. Yule binti anafika kabla sijafungua. Wiki za mwanzo nilimpa kazi za kumwaga oili na kubadilisha filta, nikaona mkono unatulia, nikampandisha. Alipoondoka alikuwa anashusha giaboksi ya Noah na mwenzake, anabadilisha klachi, anarudisha, na boliti hazibaki chini kama zinavyobaki kwa wengine. Siku msimamizi wake wa chuo anakuja kumkagua, binti yuko chini ya gari. Mwalimu hakuteremka. Kashusha kioo, kaomba logibuku, kaisaini juu ya usukani, kaniuliza "nidhamu vipi?" Nikasema nzuri, karibu uone anachofanya. Akasema ana vituo vingine vingi, kageuza gari. Umahiri alioukagua pale ni upi?

Maana wakuu, mafunzo haya yanaitwa ya umahiri. Kwa maelezo yao wenyewe mtu hahesabiwi kuhitimu kwa kukariri, lazima aonyeshe anaweza, na ndiyo maana fildi ni sehemu ya mafunzo na inabeba alama. Wazo zuri kabisa, silipingi hata kidogo. Ila nusu ya pili ya wazo wameitupa kwetu bila kutuambia, na kijana ndiye anayezunguka mjini kujitafutia nafasi kwa nauli ya mama yake. Asiyekuwa na mjomba mwenye gereji anaishia kuomba stationari wamwekee muhuri.

Na wanaofika kweli wanafika hawajashika kitu. Nimempata kijana anakutajia mipigo minne ya injini kwa mpangilio, mpaka unafurahi. Mpe sasa IST yenye taa ya injini inayowaka: hajawahi kuona mashine ya kusomea gari. Chuoni kwao, anasema, injini ya kufundishia ni ya kabureta, imefunguliwa na kufungwa na kila darasa mpaka nyuzi za boliti zimelika. Magari ya kabureta yanayoingia gereji kwangu siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi. Simlaumu kijana.

Mwingine alifungua kifuniko cha rejeta gari ikiwa ya moto, kabla fundi hajamfikia. Maji yakamrukia mkono na kifua. Nilimkimbiza hospitali, nikalipa mimi. Nikapiga namba iliyo kwenye barua ya chuo, nikajibiwa "tutaufikishia uongozi taarifa." Uongozi mpaka leo haujanipigia.

Najua mtakaoniambia mafundi nao wanawatumikisha watoto, wanawatuma chai na vocha, wanawaoshesha magari wiki nane. Ni kweli, na nawajua wanaofanya hivyo. Sasa kama hakuna anayekuja kuangalia, na kama chuo hakijamwandikia fundi kwamba kijana akimaliza awe anajua kufanya nini, mtumishi wa bure ataachwaje?

Hela nazo zipo. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na zaidi anakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara, na theluthi yake inakwenda VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Mimi sifiki idadi hiyo, silipi. Ila kijana anafundishwa kwangu, kwa spana zangu, injini ya mteja wangu akiiharibu nalipa mimi. Kwenye hiyo tozo hakuna hata glovu moja inayofika huku. Ujerumani, ambako tunaambiwa kila semina tukaige, mwanafunzi anasaini mkataba na kiwanda na analipwa kila mwezi. Sisi tumeiga barua.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025 imeigawa sekondari mikondo miwili, jumla na amali. Wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, wanasoma masomo ya darasani na fani juu yake. Hao ni watoto wa kidato cha kwanza, wakuu, wengine hawajafika miaka kumi na minne! Wakija na bahasha hiyo hiyo ya kaki, nitawapokea kwa utaratibu gani? Wizara na NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wamewauliza wenye karakana wangapi?

Kwangu nimeshabandika masharti getini. Chuo kilete orodha ya kazi anazotakiwa kuziweza, siyo barua. Kiandike nani anagharamia matibabu. Msimamizi ateremke kwenye gari, aingie chini aone. Kijana aje na ovaroli na viatu vya kufunika vidole. Asiyehudhuria, logibuku yake naandika "hakuhudhuria" na muhuri nagonga juu ya neno hilo hilo.

Vyuo viwili vimeshaacha kuniletea wanafunzi. Walimu wa vyuo mliomo humu njooni mjibu, msiniambie changamoto ni bajeti ya mafuta. Na wenye gereji wenzangu, huko kwenu muhuri umefika shilingi ngapi?